Mbolea ya Mahindi Ndani ya Lori la Kaka

Kaka yangu si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia jambo hili, watu wa hapa Misima hunikatiza wakisema, "Lakini kaka yako si mtu mbaya," kana kwamba mimi nimesema ni mbaya. Haya, si mbaya. Ndiye aliyeninunulia cherehani yangu ya kwanza, ndiye aliyesimamia harusi yangu, na mama yetu alipougua alimchukua kwake Korogwe akamuuguza mpaka siku ya mwisho. Mtu mbaya ungemjua mapema ukamkwepa. Kaka yangu ni bahili, na ubahili wake ameubatiza jina la akili. Hapo ndipo mimi na yeye tulipokosana.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori tangu kabla sijamjua. Alibeba mkonge, alibeba mbao, alibeba mahindi ya Kang'ata na machungwa ya kupeleka Dar es Salaam, na kila lori alilokabidhiwa lilikuwa limechoka kabla halijamfikia yeye. Moshi uliingia ndani kupitia sakafuni, penye matundu ya pedeli. Akirudi nyumbani nikamfulia shati, maji ya kwanza yalitoka kama ya kuoshea sufuria ya kuni. Akipenga kamasi, nyeusi tii. Tulicheka sana mambo hayo. Nilikuwa namwambia nimeolewa na dohani, naye ananijibu kwamba dohani ni dalili ya nyumba yenye chakula.

Kicheko kiliisha alipoanza kukohoa. Kwanza asubuhi tu, baadaye mchana kutwa, mwisho akawa hawezi kutoka hapa mpaka msikitini bila kusimama njiani akijifanya anaangalia mashamba ya watu. Tukaenda hospitali Handeni. Daktari alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa. Alimpiga picha ya kifua, akamuuliza kama anavuta sigara. Hajavuta hata siku moja. Akamuuliza kazi yake. Alipotajiwa, yule binti akaweka kalamu mezani.

"Basi baba, umevuta lori zima," akasema.

Akatueleza kwamba mapafu yakishachakaa namna ile hayarudi kuwa mapya. Kinachowezekana ni kuyazuia yasiendelee kuharibika, na dawa ya kwanza ni kukaa mbali na moshi, wa jikoni na wa kazini. Wa jikoni niliuweza mimi. Nilihamisha mafiga nikayapeleka nyuma kabisa ya nyumba, chini ya bati moja, mvua ikinyesha napika bada, ugali wetu wa muhogo, huku mgongo unalowa. Wa kazini ulikuwa mikononi mwa kaka, kwa sababu lori ambalo mume wangu alikuwa akiendesha wakati huo lilikuwa lake.

Kaka ana duka la pembejeo Korogwe. Anauza mbegu, dawa za wadudu na mbolea, na msimu wa mavuno ananunua mahindi huku kwetu na kule Magoma akiyapeleka mjini. Nilipanda gari nikamfuata dukani. Nikamwambia, "Kaka, lori lako linaniulia mume." Hakunikasirikia. Alinipa soda, akasema hata yeye ameliona hilo, na injini yenyewe iko mahututi, kwa hiyo atatafuta lori lingine. Nilirudi nyumbani nikimwombea dua njia nzima. Namwambia Mungu ukweli: dua ile ilitoka moyoni.

Lori likaja. Si jipya, lilikwisha kutumika Ulaya huko, lakini lilikuwa na vitu ambavyo mume wangu hakuwahi kuviona. Dereva aliyelileta kutoka bandarini aliliegesha mbele ya nyumba yetu, akakaa uani akinywa chai na kutufundisha. Alisema kwenye njia ya moshi kuna chujio kubwa lenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, mafundi wanaliita masega. Masizi yote yananasa humo. Lori likitembea safari ndefu, masega yanapata moto sana na kuyachoma yale masizi yenyewe. Halafu kuna tangi dogo, mbali na la dizeli, lenye kifuniko cha bluu. Humo yanatiwa maji maalumu, yananyunyizwa kwenye moshi wa moto na kuua ile sumu isiyoonekana kwa macho. Madereva wanayaita maji ya bluu. Mwenyewe nikafungua kifuniko nikachungulia, nikaona meupe kama ya kunywa.

"Mbona si ya bluu?" nikauliza.

"Mama, bluu ni kifuniko," akasema. "Ila nawaomba jambo moja. Haya maji msiyaguse. Yakiisha nunueni kidumu kilichofungwa, mkimimine vilevile kilivyo. Ukitia hata maji ya bombani, umeliua."

Mimi nina tabia ya kutoamini maneno mpaka nishike. Nilisubiri mume wangu aende na lori Korogwe na kurudi. Lilipopoa nikachukua kipande cha kitambaa cheupe nilichokuwa nakatia kola za kanzu, nikafunga kwenye kijiti, nikakipitisha ndani ya bomba la moshi nikazungusha. Kikatoka na vumbi la barabarani kidogo, basi. Masizi, hakuna! Nilipiga kigelegele pale barabarani kama mtu aliyeletewa posa. Majirani walitoka wakidhani kuna habari. Nikawaonyesha kitambaa, wakanitazama wakatazamana, wakarudi ndani kwao.

Kwa mwaka ule na kipande cha uliofuata, nilikuwa na mume. Kifua hakikupona, daktari alikwisha kutuambia hakitapona, lakini kikohozi kilitulia. Alilala chali tena. Mwezi wa maulidi alikaa kwenye mkeka na wenzake akasoma, sauti ikapanda ikashuka pasipo kukatika, nami nikiwa upande wa wanawake nililia mpaka jirani yangu akanifinya akisema natia aibu. Na nitie! Kama hujawahi kulala ukihesabu pumzi za mwenzio, huwezi kunielewa.

Sasa nifike kwenye mbolea.

Maji ya bluu yaliuzwa Korogwe kwenye kituo kikubwa cha mafuta barabara kuu, na hayakuwa ya bure. Kaka alikuwa akinunua huku amenuna. Siku moja akiwa anakitazama kidumu, akasoma yale maandishi ya ubavuni, akakuta neno moja analolijua vizuri kuliko jina lake. Urea. Loo! Mume wangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Anasema kaka aliruka kama aliyekanyaga siafu.

"Urea? Urea hii hii? Shemeji, mimi nauza urea! Nimejaza urea stoo mpaka juu halafu hawa wezi wananiuzia urea kwa kidumu?"

Huku kwetu, niwaambie wasiokujua, mtu akitaja urea hakuna anayefikiria gari. Urea ni ile mbolea nyeupe, chembechembe, tunayokuzia mahindi yakifika magotini. Mtoto wa darasa la pili anaijua. Kwa hiyo kaka hakujiona mjinga hata kidogo, alijiona amefumbua siri ya wazungu. Mume wangu akamkumbusha maneno ya yule dereva kwamba maji yasiguswe. Kaka akacheka. Wao ni mashemeji, na kwa mashemeji kila jambo ni utani, hata lisilo la utani.

"Wewe ulifundishwa usukani, mimi nimefundishwa mbolea," akamwambia. "Mbolea haijui kama imeingia kwenye mhindi au kwenye gari."

Akafungua mfuko, akamwaga mbolea kwenye pipa, akatia maji ya kisima, akakoroga kwa mwiko wa kupikia ubwabwa wa shughuli. Maji ya kisima kile yana chumvi, ukichemshia chai birika linaota ukoko. Akachuja kwa kanga ya mkewe, akamimina kwenye lile tangi dogo. Lori likawaka. Likaenda Magoma likarudi. Kaka akatembea mji mzima wa Korogwe akitangaza hekima yake, na wenye malori wengine wawili wakaja kujifunza kwake, nao wakauziwa mifuko ya mbolea. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Wiki chache zilipita. Mume wangu alikuwa ametoka Kang'ata na shehena ya mahindi, taa ikawaka kwenye dashibodi, halafu ya pili, halafu lori likaanza kukataa. Si kwamba lilizimika. Lilipunguza nguvu lenyewe, makusudi, ndivyo lilivyotengenezwa: ukilinyima maji yake safi nalo linakunyima mwendo. Mlima ambao lilikuwa likiupanda kwa gia ya kati, sasa linautambaa. Alipitwa na bodaboda iliyopakia mbuzi wawili. Alipitwa na vijana wa Kimasai wanaoswaga ng'ombe, wakampungia mkono. Akanipigia simu akicheka, nami nikacheka, hatukujua tunachokicheka.

Fundi wa Korogwe alifungua akaonyesha. Kwenye kile kipua kinachonyunyiza maji kulikuwa na ukoko mweupe mgumu, kama ule wa birika. Pampu imekwama. Masega yenyewe yameanza kuziba. Akasema kinachotakiwa ni pampu nyingine, kipua kingine, masega yasafishwe, na mbolea irudishwe shambani. Kaka akasikiliza, akashukuru, akaenda kutafuta fundi mwingine.

Huyo wa pili alitoka mji mwingine na kompyuta ya mkononi. Kazi yake ilikuwa rahisi. Alikata bomba, akatoa masega yote, akachomelea kipande cha bomba tupu mahali pake. Halafu akaunganisha kompyuta yake na lori, akalidanganya. Ndiyo, alilidanganya lori liamini kwamba halikukatwa kitu, kwamba kila kitu kipo na kinafanya kazi, taa zikazimika, nguvu zikarudi. Masega hayakutupwa. Yana madini ndani yake, wapo wanunuzi wanaozunguka kwenye gereji kuyatafuta, na kaka akawauzia.

Nilipata habari na mikasi iko mkononi. Sikumaliza hata ule mshono. Nilifika dukani kwake wateja wamejaa, ulikuwa msimu wa kupanda.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Karibu, dada, kaa."

"Sikai. Kaka, ulichokikata si bomba. Umekata kifua cha mume wangu."

"Dada, usinililie mbele ya wateja."

"Sijalia bado. Daktari alisema moshi. Ulisikia, nilikuja hapa hapa nikakwambia, ukanipa na soda!"

Akashusha sauti, kama mtu anayembembeleza mtoto. "Hebu fikiri kidogo. Moshi unatoka nyuma. Mumeo anakaa mbele."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, walicheka kwa sababu lilisemwa vizuri. Ndivyo kaka alivyo, kinywa chake kimepakwa asali. Nikamwambia kwamba hata wanaokaa nyuma ni watu, na wanaokaa pembeni ya barabara ni watu, na kwamba mimi nyumba yangu iko pembeni ya barabara. Akasema mbona malori yote yanayopita hapa yanatoa moshi na Korogwe haijafa? Akasema akiendelea kununua vile vidumu na kufunga pampu mpya atauza lori, na akiuza lori mumeo ataendesha nini, cherehani yako? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema. Mzee mmoja aliyekuja kununua mbegu akaniambia, "Mama, nenda nyumbani, haya ni mambo ya ndugu." Nikaenda nyumbani. Hasira niliyopanda nayo gari siku ile ninayo mpaka leo, sijui niiteremshie kituo gani.

Mume wangu hakuacha kuendesha. Nilimkasirikia hata yeye. Nilimwambia aache, nitashona usiku na mchana tutakula. Akasema ataachaje kazi ya shemeji yake, watu watasema nini, na mtu wa umri wake ataajiriwa na nani? Nikamwambia watu hawana mapafu ya kukuazima. Akaenda kulipasha lori moto. Na ule mchomeleo ukapasuka upesi, chini ya miguu yake hasa. Wakauchomelea, ukapasuka tena. Moshi ukaingia ndani kama zamani, ila huu ulikuwa mkali zaidi, ulimtoa machozi. Mashati yakarudi kuwa meusi. Kikohozi hakikurudi kidogo kidogo kama mgeni mwenye adabu, kilirudi siku moja na virago vyake vyote.

Masika yale hayakuisha salama. Alianguka akiwa anafunga turubai, wakamleta nyumbani wamembeba kwenye lori lile lile. Tangu hapo hajaendesha. Anakaa uani kwenye kiti cha plastiki, ameinama mbele, mikono magotini, kwa sababu akiegemea pumzi inagoma. Anaongea maneno mawili, anapumzika, anaongea mawili. Ukimuuliza swali lazima uwe na subira. Mimi ninayo. Wengine humjibia wenyewe.

Kaka anakuja kumwona. Hajawahi kuja mikono mitupu, analeta sukari, mchele, dawa alizoandikiwa. Anamwita shemeji, anamtania, anamwambia amka bwana tukaoe tena. Mume wangu hucheka, kicheko kinageuka kikohozi, nami naleta maji. Nimesema si mtu mbaya.

Mwezi uliopita alikuja Ijumaa baada ya sala, amevaa kanzu niliyomshonea mwenyewe. Alikuja na lori akiliendesha mwenyewe, dereva aliyelishika baada ya mume wangu alikuwa ameacha kazi. Kijana wetu alikuwepo. Tuna mtoto mmoja wa kiume, ana miaka ishirini na tatu, alikuwa akiendesha bodaboda na mwaka jana akapata leseni ya magari makubwa. Nilipomwona kaka amekaa kwenye mkeka badala ya kiti, nikajua amekuja kuomba.

Kwetu sisi Wazigua, mjomba si mtu wa pembeni. Zamani mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake alikuwa mjomba kabla ya baba. Siku hizi mambo yamechanganyika, lakini neno la mjomba bado ni zito. Kaka angeweza kumchukua mpwa wake na kusema "twende," na nusu ya kijiji ingeona ni haki yake. Hakufanya hivyo. Alifuata adabu yote, na adabu hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kwako kama baba. Lori halina mtu. Sitaki kumpa mgeni wakati damu yangu ipo. Nakuomba kijana. Wewe ndiye mwenye nyumba, nasikiliza neno lako."

Niliuona uso wa mume wangu. Niliishi na uso ule miaka yote, sihitaji kuandikiwa. Alifungua mdomo, pumzi haikuja. Alijaribu tena, kikamkamata kikohozi, akatikisa kichwa lakini mwili mzima ulikuwa ukitikisika, nani angejua kichwa kinasema nini? Basi akainua mkono. Aliuinua mbele ya kifua, kiganja kimefunguka kuelekea kwa kaka, kama unavyomzuia mtu asiingie.

Kaka akaudaka ule mkono. Akaushika kwa mikono yake miwili, akautikisa.

"Alhamdulillahi. Tumeelewana, shemeji. Mungu akupe afya."

"Kaka, amekataa!" nikapiga kelele. "Huo mkono ni wa kukataa! Mwache apate pumzi aseme!"

"Dada, jamani. Tumeshapeana mkono wanaume, umeona mwenyewe."

Nikamgeukia mwanangu. Nikamwambia baba yako amekataa, na mimi nimekataa, na lile lori unajua limefanya nini. Aliangalia chini. Akasema, "Mama, ni kwa muda tu. Nitafungua madirisha." Madirisha! Akampigia baba yake magoti akamshika miguu, akapokea funguo kwa mjomba wake, wakatoka. Mume wangu alikuwa bado anahangaika, macho yamemtoka, anavuta na haivutiki, mkono wake mmoja umenishika kanga. Lori likawaka. Moshi ukapita juu ya ua ukatufunika sote wawili, nikamziba pua kwa upindo wa kanga.

Lilipokwisha kupita msikitini ndipo pumzi ilipomjia.

"Hapana," akasema.

Nikamwambia nimesikia.